Kuta tatu, saa tatu: uchambuzi wa kazi ya video iliyopoteza mwendo

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa filamu na sanaa ya video ametundika kazi yake ya kumalizia masomo. Ni instalesheni, yaani kazi ya sanaa inayojaza chumba, ya dakika 12, inayorushwa na projekta tatu kwenye kuta tatu zilizopangwa kama herufi U, na mtazamaji anasimama katikati. Ukuta wa kushoto unaonyesha mikono inayosokota nyuzi. Kamba inayotoka hapo inavuka pembe ya chumba, inavutwa kupitia ukuta wa kati, inaishia ukuta wa kulia inakofungwa kwenye kigingi. Dakika ya 9 na sekunde 40 nyundo tatu zinashuka pamoja, moja kila ukuta, halafu kimya cha sekunde 6. Karatasi iliyobandikwa mlangoni ilisema kazi inahusu watu wasioonana wanaofanya tendo moja kwa pumzi moja.

Watahini waliingia siku ya pili, saa 8 mchana. Kamba ilikatika kwenye kila pembe. Nyundo ya kushoto ilipiga, ya kati ikafuata nusu sekunde baadaye kama mwangwi, kisha kimya kikapita, kuta hizo mbili zikahamia mambo mengine. Sekunde 24 baadaye ukuta wa kulia nao ukagonga pigo lake peke yake, na mtahini mmoja akageuka kutazama mlango akidhani kuna mtu amebisha.

Visa vya namna hii hujirudia kila msimu wa maonyesho ya wanafunzi, na utetezi wa kwanza ni uleule: vifaa vibovu. Hapa havikuwa vibovu. Plea zote tatu, yaani vifaa vya kuchezea video, zilifanya kile zilichotengenezwa kufanya. Tatizo ni kwamba kazi iliundwa kwenye meza ya uhariri, ambako picha zote hufuata saa moja ya kompyuta, ikapelekwa kwenye chumba chenye saa tatu ambazo hakuna aliyezijulisha kwamba zinafanya kazi pamoja.

Kilichokuwa chumbani

Projekta tatu za lumeni 3,000 (kipimo cha mwanga zinaoutoa) kila moja, picha ya upana wa mita 3. Plea ndogo tatu za kuchomeka flashi, kila moja na faili lake la video lililobanwa kwa H.264, la pikseli 1,920 kwa 1,080 (1080p). Mbili, ya kushoto na ya kati, ni za aina moja. Ya kulia iliazimwa mahali pengine na ni ya aina tofauti. Hakuna waya unaoziunganisha. Asubuhi saa 4 mwanafunzi alishika rimoti mbili, akabonyeza, akatazama dakika mbili za kwanza, akaridhika. Onyesho lilifungwa saa 12 jioni, maana yake ni saa 8 za kurudia faili lilelile, yaani mizunguko 40 hivi kwa siku.

Kosa moja la utaratibu linaonekana hapo hapo: kazi ya saa 8 ilijaribiwa kwa dakika 2.

Kupima kabla ya kulaumu

Baada ya watahini kuondoka, mtu wa kwanza kusaidia alitaka kubadilisha plea ya kulia. Angeweza kuibadilisha na bado akabaki na zaidi ya nusu ya tatizo. Njia bora ni ya bei ya bure: simu moja juu ya kistendi, mahali inapoona kuta zote tatu kwa pamoja, ikirekodi fremu 50, yaani picha moja moja za video, kwa sekunde kwa programu inayofunga kasi hiyo isibadilike. Kila fremu ya simu ni sekunde 0.02. Unarekodi sehemu mbili za mzunguko: fremu ya kwanza isiyo nyeusi kwenye kila ukuta (tuite alama A), na fremu ambayo nyundo inagusa kigingi (alama B). Halafu unahesabu fremu kati ya ukuta na ukuta. Nyundo hapa inafanya kazi ileile ya klapa, kile kibao kinachogongwa mbele ya kamera ili picha na sauti zioanishwe.

Plea zilizimwa, zikawashwa upya, vipimo vikachukuliwa. Ukuta wa kati ndio uliokuwa rejea.

Mzunguko wa kwanza: kushoto ulitangulia kwa sekunde 0.2 kwenye A na 0.2 vilevile kwenye B. Kulia ulichelewa 0.1 kwenye A, lakini 0.68 kwenye B.

Mzunguko wa pili: kushoto bado 0.2. Kulia, 1.32 kwenye A na 1.90 kwenye B.

Saa 4 baadaye: kushoto 0.5, kulia 24.5 kwenye A.

Namba hizi zina sura nne tofauti, na kila sura ina mwenyewe. Tofauti isiyokua kutoka mzunguko mmoja hadi unaofuata, kama ile 0.2 ya kushoto, ni kidole: rimoti mbili hazikubonyezwa kwa wakati mmoja, au infraredi ilifika plea moja kabla ya nyingine. Tofauti inayokua ndani ya mzunguko, kutoka A hadi B, ni kasi ya fremu. Tofauti inayoruka ghafla pale faili linapoanza upya ni urefu wa faili au pengo la plea. Na ile inayotambaa polepole kutwa nzima, kutoka 0.2 hadi 0.5 kwa saa 4, ni kristali za saa ndani ya plea, vipande vinavyoipigia mapigo. Sekunde 0.3 katika sekunde 14,400 ni kama sehemu 21 kwa milioni, kitu cha kawaida kabisa. Kristali za bei nafuu huruhusiwa kukosea hadi 50 kwa milioni kila upande. Hakuna fundi atakayezirekebisha.

Sekunde 0.72 zilizojificha kwenye dakika 12

Hapa ndipo kisa kinapokuwa kitamu, kwa sababu mwanafunzi aliapa kwamba mafaili yote matatu yana urefu sawa, na alikuwa na ushahidi: taimukodi (namba ya saa, dakika, sekunde na fremu) ya mwisho kwenye kila taimlaini, ule mstari wa kupangia klipu, ilisoma 00:12:00:00.

Ukuta wa kulia ulipigwa kwa kamera ya kuazima. Menyu yake iliandika «24», lakini kamera nyingi zinapoandika 24 hurekodi fremu 23.976 kwa sekunde, kwa usahihi 24,000 kugawanya kwa 1,001. Ni urithi wa televisheni ya rangi ya Marekani, ambako fremu 30 zilishushwa kuwa 29.97, na filamu ikabidi ifuate. Mwanafunzi alipoangusha klipu ya kwanza ya kamera hiyo kwenye taimlaini mpya, programu ilimuuliza kama abadilishe mpangilio ufanane na klipu. Akakubali, kama wengi wanavyokubali kila kidirisha kinachowazuia kuendelea. Kuta nyingine mbili zilikuwa kwenye 25.

Taimukodi ya 23.976 huhesabu fremu, haihesabu sekunde. Kila ikifika fremu 24 inaongeza sekunde moja kwenye kioo, ingawa fremu hizo 24 zimechukua sekunde 1.001. Dakika 12 za taimukodi ni fremu 17,280, na fremu 17,280 kwa kasi ya 23.976 zinachukua sekunde 720.72. Nyundo iliyowekwa dakika ya 9 na sekunde 40, yaani sekunde ya 580, ilitua ukutani sekunde ya 580.58. Linganisha na kipimo: kutoka 0.1 hadi 0.68, ongezeko ni 0.58. Mara chache uhasibu wa ukutani unalingana na wa karatasini kwa usafi kama huu.

Mwishoni mwa mzunguko wa kwanza faili la kulia lilikuwa limebaki nyuma kwa 0.72. Lakini kipimo cha A kiliruka kwa 1.22, kutoka 0.1 hadi 1.32. Sekunde 0.50 zilizobaki ni za plea yenyewe. Plea mbili za kushoto na kati zilitoa weusi wa sekunde 0.4 kabla ya kuanza upya. Ile ya kuazima ilihitaji 0.9, maana ilikuwa inafunga faili na kulifungua tena kana kwamba haijawahi kuliona. Sekunde 1.22 mara mizunguko 20 ni 24.4. Kibaba kilijaa kabla watahini hawajafika.

Kwa nini dakika mbili za asubuhi hazikuonyesha kitu? Kwa sababu mwishoni mwa dakika ya 2 kosa la kasi ya fremu lilikuwa sekunde 0.12, fremu tatu tu, na kati ya ukuta na ukuta kulikuwa na pembe inayoficha sentimita kadhaa za kamba. Jicho linasamehe hapo. Sikio lingekataa, kwa kuwa sauti kali mbili zikipishana kwa zaidi ya milisekunde 50 hivi zinasikika kama mbili, lakini nyundo ilikuwa bado dakika saba mbele. Anayetaka kujaribu kazi ya kuta nyingi kwa haraka aweke sauti kali kwenye sekunde za kwanza na nyingine kwenye sekunde za mwisho, kwenye nakala ya majaribio, aziondoe baadaye.

«Si uiache tu hivyo?»

Wazo hili lilitolewa, na si la kipuuzi. Mwaka 1965 mtunzi wa muziki wa Marekani Steve Reich aliziacha mashine mbili za tepu zicheze kipande kilekile cha sauti zikiachana taratibu, na kuachana huko kukawa muziki wenyewe. Tofauti ni kwamba tepu zake zilikuwa pacha: kila hatua ya kuachana ilizaa uhusiano mpya kati ya sauti na nafsi yake. Kuta hizi tatu hazikuwa pacha. Kamba inayotoka kushoto inahitaji ukuta wa kati uipokee sasa hivi, na pigo la nyundo linalokuja sekunde 24 baada ya mwenzake halijengi uhusiano wowote, ni kelele iliyopotea njia.

Anayetaka kuta ziachane kwa makusudi afanye kwa makusudi: mizunguko ya dakika 7, 11 na 13, kwa mfano, hukutana tena baada ya dakika 1,001, karibu saa 17, na kila mtazamaji huona mpangilio wake. Hapo kuachana kumeandikwa kwenye kazi. Kuachana kulikotoka kwenye kidirisha kilichobonyezwa bila kusomwa ni jambo lingine, na watahini wanaitambua tofauti hiyo hata wasipojua namba.

Matengenezo

Kulikuwa na siku 5 kabla ya kutahiniwa upya. Njia zilikuwa mbili za maana. Moja ni plea zinazoongea kwa mtandao, moja ikiwa kiongozi na nyingine zikimfuata. Kampuni ya BrightSign ina plea za namna hiyo. Nyingine ni kufuta saa mbili na kubaki na moja: faili moja, kompyuta moja, njia tatu za kutolea picha. Mwanafunzi alichagua ya pili, kwa sababu kompyuta yenye kadi ya picha ya kutosha ilikuwepo.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuzipanga picha tatu kwa mstari, upana wa pikseli 5,760 kwa 1,080, kwa H.264. Lilikwama. Vipande vya kompyuta vinavyofungua H.264 mara nyingi havivuki upana wa pikseli 4,096. Ukivuka, kazi inaangukia kwenye prosesa na picha inaanza kukatakata. Suluhisho ni kuziweka kwenye dirisha: fremu moja ya 3,840 kwa 2,160 ina vyumba vinne vya 1,920 kwa 1,080. Chumba cha juu kushoto kikapewa ukuta wa kushoto, cha juu kulia ukuta wa kati, cha chini kushoto ukuta wa kulia. Cha nne kikawekewa weusi na saa ndogo inayotembea, ambayo mtazamaji haioni ila fundi anaiona kwenye skrini yake na kujua kazi iko dakika ya ngapi. Programu kama QLab, Resolume au MadMapper huchukua kila chumba na kukipeleka kwenye projekta yake. Pengo la kuanza upya bado lipo, lakini sasa ni moja kwa kuta zote, na faili lilipewa sekunde moja ya weusi mwanzoni na mwishoni ili pengo lifichwe humo.

Ukuta wa kulia ndio uliodai jasho. Ukiingiza 23.976 kwenye taimlaini ya 25 na kuiacha programu iamue, inarudia fremu moja karibu kila sekunde, na kwenye kamba inayovutwa kwa mwendo laini mrudio huo unaonekana kama kamba inakwama kwenye msumari. Kwa hiyo klipu zilielezwa upya kuwa za 25: kila fremu inaonyeshwa mara moja, mwendo unaongezeka kwa asilimia 4.3. Mikono haikuonekana ina haraka. Uso unaoongea ungeonekana, na sauti ingepanda kwa takriban robo tatu ya nusu toni. Hapa sauti ilirekodiwa pembeni kwa 48 kHz na haikuguswa. Gharama ilikuwa nyingine: fremu 17,280 kwa kasi ya 25 ni sekunde 691.2. Ukuta ulipungukiwa na karibu sekunde 29, zikajazwa na klipu za akiba, na nyundo ikapangwa upya kwa mkono hadi fremu yake.

Faili la mwisho lilitolewa kwa HEVC, mbinu mpya zaidi ya kubana video kuliko H.264, megabiti 60 kwa sekunde, sauti ya PCM isiyobanwa badala ya AAC iliyobanwa kwa kuwa AAC huongeza ukimya mfupi mwanzoni ambao kwenye kurudia husikika kama kigugumizi. Megabiti 60 mara sekunde 720, gawa kwa 8, ni gigabaiti 5.4. Saa 5 usiku flashi ilikataa kulipokea. Haikuwa imejaa, ilikuwa imeumbwa kwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi mafaili usiobeba faili moja linalozidi gigabaiti 4. Iliumbwa upya kwa exFAT.

Kompyuta pia ilikuwa inatoa picha kwa hezi 60, yaani mara 60 kwa sekunde. Fremu 25 ndani ya hezi 60 hugawanyika bila usawa: fremu moja inaonyeshwa mara mbili, nyingine mara tatu. Njia zote tatu zikabadilishwa kuwa hezi 50, na mtikisiko uliokuwa ukisingiziwa kamera ukaondoka.

Giza ambalo halikuwa giza

Kuna kosa moja ambalo watahini hawakulitaja na lilikuwa kubwa. Dakika ya tatu mikono inafanya kazi karibu gizani, na ukutani ilikuwa ukungu wa kijivu. Mwanafunzi alirekebisha rangi kwenye chumba cheusi, mbele ya monita nzuri.

Picha ya mita 3 kwa 1.69 ina eneo la mita za mraba 5.06. Lumeni 3,000 zikitawanywa humo ni laksi 593, yaani lumeni kwa kila mita ya mraba, kwenye nyeupe kamili. Mwanga wa korido ulioingia mlangoni ulipima laksi 50 ukutani. Kivuli chenye asilimia 2 ya mwanga wa nyeupe kinatoa laksi 12. Kwa hiyo kivuli ni 62 na weusi ni 50. Nani atavitofautisha? Uwiano wa nyeupe na nyeusi ulikuwa takriban 13 kwa 1.

Wazo la kwanza la kila mtu ni projekta kali zaidi, la pili ni kupunguza picha. Kuipunguza hadi upana wa mita 2.4 kunapandisha laksi hadi 926 na uwiano unafika karibu 20. Pazia zito jeusi mlangoni, lililowekwa kwa kona ili mtu aingie bila mwanga kuingia, lilishusha mwanga wa korido hadi laksi 10. Uwiano ukaruka hadi 60, na kivuli kilekile kikawa 22 dhidi ya 10. Pazia lilishinda projekta. Ukuta wa nyuma usio na picha nao ulipakwa kijivu cha mkaa, kwani ukiwa mweupe ulirudisha mwanga wa kuta tatu juu ya kuta hizohizo.

Jaribio la saa nane

Safari hii kazi iliachwa icheze kutwa, na simu ikarekodi mwanzoni, baada ya saa 1, ya 4 na ya 8. Kati na kulia havikupishana hata fremu moja. Kushoto ulichelewa sekunde 0.08, fremu mbili, bila kukua. Kwa sura zile nne hii ni tofauti isiyokua, lakini rimoti hazikuwepo tena. Ilikuwa projekta ya kushoto: iliwekwa upande kidogo na marekebisho ya mshazari yakawashwa ili kunyoosha picha, na hesabu hiyo huichelewesha kila fremu. Ilisogezwa ikakaa mbele ya ukuta sawasawa, marekebisho yakazimwa, ikabaki fremu moja, na chumba chake kwenye faili kikatangulizwa kwa fremu moja.

Usiku wa kuamkia watahini mlinzi alizima umeme wa ukumbi, asubuhi akauwasha wote kwa mkupuo. Kompyuta iliamka kabla ya projekta, haikuziona, ilipoziona ikazipanga upya kwa utaratibu wake, na kamba ikawa inatoka ukuta wa kulia kurudi kushoto. Juu ya swichi sasa kuna kipande cha tepu nyeupe kilichoandikwa kwa maka: projekta kwanza, subiri dakika 2, kompyuta mwisho.